Je, Wajua? Upepo Ndio Uliomsimamisha Tintin Nywele

Kishungi kilichozaliwa garini
Tintin alipoanza safari zake Januari 1929, katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Ubelgiji, nywele zake zilikuwa zimelala kwenye paji la uso. Kurasa chache baadaye mchoraji wake, Hergé, akampandisha kwenye gari lisilo na paa. Mafuta yakakanyagwa, upepo ukazinyanyua nywele, na hazijalala tena hadi leo! Suruali ilikuwa mbishi zaidi: ile ya kuishia chini kidogo ya goti aliivaa miongo kadhaa, hadi alipovishwa jinzi za kahawia mwaka 1976.

Snoopy alianza kama mbwa wa kawaida kabisa
Charles Schulz wa Marekani alimtoa gazetini Snoopy tarehe 4 Oktoba 1950, siku mbili tu baada ya katuni ya Peanuts kuanza. Alikuwa mbwa mdogo wa miguu minne, na msomaji hakuwa na njia ya kujua anawaza nini. Mwaka 1952 akapewa kiputo cha mawazo. Katikati ya mwongo huo akainuka na kutembea kwa miguu miwili, na mwaka 1958 akahamia juu ya paa la kibanda chake kulala. Mwili nao haukutulia: pua ilirefuka, baadaye ikanenepa, na umbo zima likazidi kufanana na mtu mdogo mwenye maringo. Raha yake ni kuona jinsi badiliko moja lilivyofungulia mlango jingine. Bila kulala juu ya paa, lile paa lingegeukaje ndege ya kivita mwaka 1965, Snoopy akiwa rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia?

Shati la Charlie Brown lilichelewa
Ule mstari mweusi wa kupanda na kushuka kifuani mwake haukuwapo siku ya kwanza. Charlie Brown, mvulana wa katuni hiyohiyo ya Peanuts, alivaa shati tupu hadi Desemba 1950, na sasa mstari huo peke yake, bila kichwa wala miguu, unatosha kumtambulisha.

Mkono ulizeeka, wino ukasema
Schulz alichora katuni 17,897 za Peanuts bila msaidizi wa kuchora. Ukisoma moja kila siku, utamaliza baada ya miaka 49. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1981 mkono wake ulianza kutetemeka, na mistari iliyokuwa laini ikawa na mawimbi. Hakuajiri kijana wa kuinyoosha. Kwa maoni yangu, mawimbi yale yaliwapa wahusika upole ambao hawakuwa nao ujanani.

Garfield aliazimwa miguu
Paka huyu wa Jim Davis alianza mwaka 1978 akiwa bonge la mwili, macho madogo, mashavu yakining'inia. Filamu ya televisheni ilipoandaliwa, akagoma kusimama wima bila kuonekana kituko. Davis husimulia kwamba Schulz, aliyekuwa akifanya kazi papo hapo, alitazama na kugundua kasoro: nyayo za paka ni ndogo mno. Akamchorea kubwa kama za binadamu. Kwa hiyo paka mvivu kuliko wote amesimamishwa na baba yake Snoopy.

Mickey anakua kinyumenyume
Mwaka 1979 mwanabiolojia Stephen Jay Gould alimpima Mickey Mouse. Aligundua kwamba kadiri miaka ilivyopita, macho yalipanuka kutoka asilimia 27 hadi 42 ya urefu wa kichwa, nacho kichwa kikakaribia nusu ya mwili, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba. Kichwa kikubwa na macho makubwa ni dalili za mtoto mchanga, na moyo wetu huyeyuka kwa watoto. Panya mtukutu wa 1928 alilainika kwa umbo na kwa tabia pia.

Hulk alikuwa wa kijivu
Toleo la kwanza la katuni yake, Mei 1962, lilimtaka awe wa kijivu. Mashine za kuchapa zikashindwa kuipata rangi hiyo kwa usawa: ukurasa huu imekolea, ule imefifia. Toleo la pili akawa kijani. Kijivu kilirudi miaka ya 1980, safari hii kwa makusudi, na waandishi wakampeleka Las Vegas kuwa baunsa, amevaa suti.