Samaki wa Ziwa Tanganyika Ndani ya Sanduku la Kioo

Wale samaki wadogo wa rangirangi wanaokaa katika mawe ya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwetu hawana thamani kubwa sokoni, maana hawashibishi mtu. Lakini huko Ulaya na Marekani wako watu wanaowanunua, si kwa kuwala, bali kwa kuwatazama. Huvuliwa wakiwa hai, hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, hupakiwa katika ndege, na mwisho huwekwa ndani ya sanduku la kioo sebuleni mwa mtu.

Hapo msomaji ataweza kuuliza: Je, samaki wa ziwa lenye urefu wa kilometa 670 na kina cha karibu meta 1,470 ataishije katika sanduku lisilofika urefu wa kitanda? Jibu ni kwamba anaweza kuishi miaka kadhaa, ila kwa sharti moja kubwa: maji yake yasilale. Leo tutaeleza jinsi mafundi wanavyoyafanya maji hayo yatembee usiku na mchana.

Hatari ya maji yaliyolala

Samaki huhitaji hewa kama sisi, ila yeye huipata ndani ya maji. Hewa hiyo huingia kwa juu, pale maji yanapogusana na upepo. Ziwani mawimbi huyachanganya maji bila kuchoka. Samaki ambao wataalamu huwaita Tropheus, wanaokula ukijani unaoota juu ya mawe, wamezoea kukaa hasa pale mawimbi yanapopiga.

Sasa watie samaki hao katika sanduku na uyaache maji yatulie. Ya juu yatapata hewa, ya chini yatakosa. Mavi yao na mabaki ya chakula yatakusanyika pembeni na kuoza. Tena maji ya joto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na maji ya ziwa letu ni ya joto, kadiri ya nyuzi 25 za sentigredi. Utawaona samaki wanapanda juu, vinywa wazi, wakitafuta pumzi. Asubuhi utawakuta wanaelea.

Waingereza walilifikiria jambo hili tangu zamani. Mwaka 1871, huko Crystal Palace, London, yalifunguliwa matangi makubwa ya samaki wa baharini yaliyotengenezwa na William Alford Lloyd. Chini yake alijenga birika kubwa lenye giza, lililochukua maji mengi kuliko matangi yote yaliyoonekana na watu. Pampu ziliyapandisha maji mpaka katika matangi, nayo yakateremka tena birikani yenyewe. Maji yakawa yale yale, lakini hayakulala.

Mzunguko uliofungwa

Njia ya Lloyd ni nzuri, lakini pampu yake hufanya kazi ya mama anayeteka maji bondeni na kuyapandisha mlimani. Kila safari ni lazima ainue mzigo upya. Mafundi wa siku hizi wanayo njia nyingine, nayo ni mzunguko uliofungwa. Bomba moja hutoa maji katika tangi na kuyapeleka kwenye pampu iliyo chini, na bomba la pili huyarudisha katika tangi lile lile. Njiani hakuna birika wala mahali maji yanapomwagika na kukutana na hewa.

Tazama mnyororo wa baisikeli. Upande mmoja unakwenda mbele, na upande wa pili unarudi nyuma, wala mnyororo haupungui. Ndivyo ilivyo hapa. Maji yanayoteremka husaidia yale yanayopanda, uzito wao ukalingana. Pampu haiinui mzigo tena. Inashindana tu na msuguano wa maji ndani ya mabomba. Kwa hiyo mota ndogo, yenye kutumia umeme kidogo, yaweza kuzungusha maji mengi.

Tuchukue mfano. Tangi lenye urefu wa sentimeta 120, upana 50 na kimo 50, likijazwa huchukua lita 300. Maji peke yake yana uzito wa kilo 300, yaani kama magunia matatu ya mahindi. Basi meza yake iwe imara kweli. Tukitaka maji yote yazunguke mara 10 kwa saa, pampu itapitisha lita 3,000 kwa saa. Hayo ni madebe mawili na nusu kila dakika!

Kazi ya fundi

Kwanza, pampu huwekwa chini kuliko tangi ili maji yaiendee yenyewe. Pampu nyingi za namna hii haziwezi kuvuta maji zikiwa na hewa tumboni.

Pili, bomba la kuingilia kwenye pampu liwe pana, wala lisiwe na kona nyingi. Koki hufungwa pande zote mbili za pampu ili iweze kufunguliwa na kusafishwa bila kulimwaga tangi. Lakini ukitaka kupunguza nguvu ya maji, punguza kwa koki ya upande wa kutokea. Ukiibana pampu kwa upande wa kuingilia, utainyima maji, itapiga kelele na kuharibika.

Tatu, mdomo wa bomba la kuingilia hufunikwa kwa chujio pana, samaki wasije wakanyonywa.

Nne, mabomba ya plastiki hupangwa kwanza bila gundi, yapimwe na kukatwa sawasawa. Ndipo hupakwa gundi yake na kuachwa yakauke siku nzima. Kisha tangi hujaribiwa kwa maji matupu, na fundi hupapasa kila kiungo kwa karatasi kavu. Samaki huja baadaye sana.

Tano, asitoboe kioo kabla ya kujua ni kioo cha namna gani. Kioo kilichokomazwa kwa moto, kama kile cha madirisha ya ubavuni mwa motokaa, hakitobolewi. Kikiguswa na keekee huvunjika vipande vipande.

Maji yakimwagika hayazoleki

Ubaya wa mzunguko huu ni mmoja, nao si mdogo. Kama tundu la kutolea maji liko chini ya tangi, na kiungo kimoja kikaachia wakati watu wamelala, madebe 15 yote yatakuwa sakafuni, na samaki watakuwa wamekauka. Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara huweka tundu lile juu, sentimeta 10 tu chini ya uso wa maji. Kiungo kikiachia, yatatoka madebe matatu, na samaki watabaki na maji yao.

Tena bomba la kurudishia lipite juu ya ukingo wa tangi, nalo litobolewe tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakianza kurudi nyuma, tundu hilo litaingiza hewa na kuyakatiza.

Umeme ukikatika je? Maji hayatafurika, lakini yatalala. Wenye tangi huweka tayari kipampu kidogo cha hewa kinachotumia betri.

Kutembea si kusafika

Wako wanaodhani kwamba maji yakizunguka yamekuwa safi. Sivyo. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu, na katika maji ya chumvichumvi ya magadi, kama ya Ziwa Tanganyika, ukali wake huzidi. Sumu hiyo huondolewa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa katika changarawe na sponji. Wao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo kali sana. Hiyo nayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Tangi jipya huhitaji majuma manne hadi sita au zaidi kabla vijidudu hivyo havijatosha. Mwenye haraka huzika samaki.

Basi, ndugu msomaji, huenda hutajenga kamwe tangi la kioo nyumbani kwako. Lakini ukiwa na pipa la kuhifadhi perege walio hai mpaka siku ya soko, sheria ni zile zile. Usiwasonge wengi mahali padogo. Weka pipa kivulini. Teka maji kwa kopo na kuyamimina tena kutoka juu, mara nyingi, ili yabebe hewa. Toa uchafu wa chini, na kuongeza maji mapya ya mtoni kidogo kidogo. Ukiwaona wanapanda juu kutafuta pumzi, usingoje asubuhi.