Drafti, kadi na kitambaa cha kufuma: Starehe ndogo zinazobeba biashara ya mpakani

SAA kumi na moja jioni, Tiira hubadilisha sauti. Mchana kutwa mji huu mdogo wa dhahabu katika wilaya ya Busia, Uganda, husikika kwa nyundo, mashine za kusaga mawe na pikipiki zilizobeba magunia. Jua likianza kulegea, husikika mlio mwingine: kifuniko cha soda kikigongwa kwa nguvu juu ya ubao.

Hiyo ni drafti. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa kalamu ya wino. Kete ni vifuniko vya chupa, kumi na viwili vimetazama juu na kumi na viwili vimetazama chini. Waliokaa ni wawili, lakini wanaocheza ni saba, maana kila aliyesimama nyuma ana ushauri wake na hakuna anayeombwa.

Mpita njia atasema hawa wanapoteza muda. Mwenye duka atasema wanamzibia mlango. Lakini mfanyabiashara aliyezoea njia ya Tiira, Busia na Tororo anajua kuwa kwenye benchi hilo kuna jambo linaloendelea, na kwamba jambo hilo lina faida hata kama halina risiti.

Mtu hujulikana anaposhindwa

Biashara ndogo ya mpakani huendeshwa kwa kuaminiana kuliko kwa karatasi. Mwenye nyanya anamwachia muuzaji wa rejareja makreti mawili asubuhi, fedha zitakuja jioni. Hakuna mkataba wala wakili. Pengine mmoja ana kitambulisho cha Kenya na mwenzake cha Uganda, na mmoja akitoweka, kumtafuta ng'ambo ni gharama kuliko nyanya zenyewe.

Sasa utamjuaje wa kumkopesha? Benki huangalia rekodi ya mikopo. Mfanyabiashara mdogo humwangalia mtu, na mtu haonekani wazi popote kama kwenye mchezo usio na fedha.

Yupo anayesogeza kete ukigeuza shingo. Yupo anayeliwa tatu kwa mpigo, akacheka na kuomba mchezo mwingine. Yupo anayepindua ubao akisingizia upepo. Yupo anayekumbuka kwamba jana alikushinda, na leo anakupisha uanze. Ukishayaona hayo kwa wiki mbili, unajua nani wa kumwachia makreti na nani wa kudaiwa fedha mkononi.

Matatu si gari

Mkenya akifika Tiira akaambiwa vijana wanacheza matatu, atageuka kutafuta gari. Kwao matatu ni gari la abiria. Uganda gari hilo huitwa teksi, na matatu ni mchezo wa karata.

Mchezo huo una ndugu yake Kenya, huitwa kadi. Katika yote miwili mchezaji hutupa karata inayolingana na iliyo juu kwa alama au kwa namba, na lengo ni kumaliza zilizo mkononi. Lakini ndugu hawa hawafanani tabia. Katika kadi, anayekaribia kumaliza hutakiwa kutangaza "niko kadi". Akisahau, ushindi unamponyoka. Katika matatu, saba yaweza kukata mchezo ghafla, kila mmoja akahesabiwa alizobaki nazo, na mwenye hesabu ndogo ndiye mshindi.

Kwa hiyo kabla karata hazijagawanywa, kuna kikao. Saba inakata au haikati? Drafti nayo ina kikao chake. Kula ni lazima? Kete ya kawaida inaruhusiwa kula kurudi nyuma? Kingi anaruka mbali au hatua moja? Kikao hicho huchukua dakika moja, hakina mwenyekiti wala posho, na maamuzi yake huheshimiwa hadi giza liingie.

Wakubwa wamefanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja 2010. Mfanyabiashara mdogo anayetumia utaratibu uliorahisishwa, ule wa cheti kifupi cha asili kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anajua raha ya kanuni inayofahamika pande zote mbili. Vijana wa benchi wanaijua raha hiyo hiyo.

Maneno nayo hupatikana papo hapo. Samaki mdogo mkavu ni mukene kwa Mganda, omena kwa Mkenya, na dagaa kwa anayekwenda na kitabu. Anayeyajua majina yote matatu huuza kwa wateja wote watatu. Mmoja akisalimu "yoga" kwa Kiteso, mwingine hujibu "mulembe", na asiye na undugu wowote huitwa mulamwa, yaani shemeji, ili apunguze bei. Hata neno bodaboda lilizaliwa Busia, kutokana na baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Mtu mzima wa Tiira hana tena darasa la kukaa. Ana benchi, na hapo Kiswahili hufundishwa kwa kutaniwa ukikosea.

Mikono isiyokaa bure

Ukilitazama benchi la drafti utaona wanaume watupu. Haina maana kwamba wanawake hawapendi starehe. Mama anayeuza dagaa ameamka kabla ya alfajiri, amefuata mzigo, amepanga meza. Akifunga jioni anaanza zamu ya pili: maji, kuni, chakula, watoto. Benchi halimsubiri.

Starehe yake, basi, imejibana katikati ya mteja na mteja. Iko kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza: uzi na sindano ya ndoano. Anafuma kitambaa cha kochi, safu moja asubuhi, mbili mchana biashara ikilala. Vitambaa vingine huuzwa. Vingi huishia sebuleni kwake, au kwenye sanduku la binti anayekaribia kuolewa.

Mteja akiuliza bei na mama akatikisa kichwa bila kujibu, asidhani amekasirika. Anahesabu vitanzi. Akipoteza hesabu, atafumua safu nzima.

Wapo wanaouliza mama huyo anapata faida gani. Swali hilo halifai. Kutwa nzima kila kitu mikononi mwake ni cha kuuzwa, na bei ya kila kitu hupingwa na kila anayepita. Kitambaa peke yake ndicho ambacho hakuna anayekipigia bei. Na kitambaa nacho kina shule yake: jirani wa meza ya pili huomba kuonyeshwa mshono, kesho analeta uzi wake, na kabla ya mwezi kwisha wanalindiana meza mmoja akienda msalani au akivuka kufuata mzigo. Vikundi vingi vya akina mama vya kuweka na kukopa huanza hivyo hivyo, kwa majirani waliozoeana kabla hawajachangishana.

Chungu kimoja, mirija mingi

Kwa wazee wa Kiteso, walioko Tororo, Busia na ng'ambo huko Malaba na Amukura, starehe ya jioni ina jina moja: ajon. Waganda wengine huita malwa. Ni pombe ya wimbi, hunywewa kwenye chungu kimoja kilichowekwa katikati, kila mtu akiwa na mrija wake mrefu. Maji moto huongezwa kadiri chungu kinavyopungua.

Kifaa hicho ni cha kale mno katika historia ya binadamu. Michongo ya Mesopotamia ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita inaonyesha watu wameketi kukizunguka chombo kimoja, wakinywa pombe ya nafaka kwa mirija mirefu. Na pale chunguni kuna adabu. Hupulizi mapovu. Hupigi chafya juu ya chungu. Hunywi ukimpa mwenzako mgongo, kwa sababu mrija wenyewe hukulazimisha kukaa mkitazamana.

Asiyekunywa hakosi cha kushika. Yupo mwenye kikombe cha chai ya maziwa, yupo mwenye rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai ambayo Uganda imewafundisha majirani. Kinachotafutwa hapo ni mazungumzo: bei ya mahindi Tororo, mvua ilivyonyesha upande wa pili, nani amefiwa, shilingi gani imepanda leo. Mfanyabiashara aliyekaa saa moja hapo anaamka na habari ambazo asingezipata kwa kukimbia.

Mizigo ilipita, watu hawakupita

Thamani ya mambo haya ilionekana wazi yalipokosekana. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria ili kuzuia korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, madereva wakipimwa, na foleni za Malaba na Busia zikawa ndefu kupita kawaida. Katika hesabu za mataifa, biashara iliendelea.

Kwa mama wa ndoo ya dagaa haikuendelea. Biashara yake haikuwa ndani ya lori. Ilikuwa ndani ya miguu yake, sura yake na watu waliomzoea. Mpaka ulipofungwa, kilichokatika si barabara tu. Ni salamu, benchi, na ile "chukua, utaniletea kesho". Aliyekuwa na mtu ng'ambo wa kumpigia simu kuulizia watoto, alikuwa na pa kuanzia njia zilipofunguliwa. Aliyejua tu namba ya gari la mizigo alianza upya.

Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba walichokuwa wakikiita kupoteza muda kilikuwa sehemu ya mtaji.

Adui mpya yuko mfukoni

Leo benchi halitishwi na mpaka. Linatishwa na simu. Kijana wa machimbo aliyelipwa jioni hahitaji kutafuta mwenzake wa kucheza naye. Kamari iko kiganjani, na mashine ya sarafu iko kona ya pili. Humo hakuna kikao cha kanuni. Kanuni zimeandikwa na mwenye mashine.

Tofauti ni kubwa. Ukishindwa drafti, unachekwa, unanyanyuka, mwingine anakaa. Ukishindwa kamari, kinachoondoka ni fedha ya kununulia mzigo wa kesho, na hakuna hata wa kukucheka. Kwenye mji wa dhahabu, ambako fedha huja kwa ghafla na kuondoka kwa kasi hiyo hiyo, burudani isiyogharimu kitu ni kinga.

Kinga hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kivuli. Masoko mengi hujengwa yakahesabiwa meza, lakini hayahesabiwi mabenchi. Choo kisafi, maji, mti mmoja na sehemu ya watoto kucheza vingempa mama wa dagaa nusu saa ambayo sasa hana. Kina baba nao wanaweza kusaidia bila bajeti yoyote: anayeacha drafti mapema akateka maji nyumbani amempa mkewe nafasi ya safu mbili za kitambaa.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, kilijengwa ili anayevuka akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lengo lilikuwa kuokoa muda. Mengi yamesemwa kuhusu muda huo unavyoongeza safari na mizigo. Hakuna ubaya kama sehemu yake kidogo itakwenda kwa mwenye muda mwenyewe.

Mfanyabiashara wa mpakani amezoea kuhesabu kila kitu: nauli, ushuru, thamani ya shilingi mbili zisizokaa mahali pamoja. Aongeze mstari mmoja kwenye hesabu hiyo. Wiki hii nimekaa na nani bila kumuuzia kitu?

Tiira, giza linaingia. Mchezo wa mwisho umekwisha bila mshindi, maana kila mmoja amebakiza kingi mmoja na hakuna anayekubali kukamatwa. Vifuniko vinarudishwa kwenye kopo na kuhesabiwa. Vipo ishirini na vitatu. Kimoja kimeanguka mchangani, tochi ya simu imeshindwa kukiona. Mtu anaingiza mkono mfukoni, anatoa punje ya hindi, anaitia ndani ya kopo. Kesho saa kumi na moja itacheza kama kete nyingine yoyote.