Gobore shambani: hatari ipo kwenye kushindilia mara ya pili

Mahindi yakianza kubeba huku Uluguru, maswali ya viwavijeshi hupungua na ya nguruwe pori huanza. Kutoka Matombo, Mkuyuni na Kinole naulizwa na vijana walioweka mtaji wa kweli shambani, na nyumbani kuna gobore la mzee. Swali lao kubwa: "Bwana shamba, nikikosa mara ya kwanza, nashindilia vipi chapchap?"

Hiyo chapchap ndiyo inayojeruhi watu.

Naongelea gobore lenye leseni ya polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Lile la kuchonga kwa bomba la maji sina ushauri nalo. Bomba halikutengenezwa kuhimili mlipuko, na ni kesi. Nguruwe akikimbilia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, mwache aende zake.

Gobore hupakiwa kwa mdomoni. Baruti inatangulia, halafu gololi ya risasi na kitambaa chake, vyote vikisukumwa na mdeki, ule ufito wa kushindilia. (Silaha hizi zilienea na misafara ya karne ya 19. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana bunduki za kisasa, yale ya jiwe la gumegume yaliachiwa mwanya.) Maana yake, wakati wa kupakia mikono na uso wako viko upande ule ule risasi inakotokea.

Sasa, ukishafyatua, baruti nyeusi haiishi yote kwa kuungua. Inaacha masizi mengi, na ndani kunaweza kubaki kipande cha kitambaa kinachofuka moto. Ukimimina baruti mpya juu ya hiyo cheche, inalipuka hapo hapo. Kama ulikuwa unamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa au pembe, chupa nzima inalipuka mkononi mwako. Kwa hiyo pima kwanza kwenye kikombe kidogo, funga chupa, iweke mbali, ndipo umimine.

Kabla ya hapo subiri dakika kama mbili, mdomo wa mtutu ukielekea juu na mbali na uso wako. Pitisha kitambaa chenye unyevu hadi chini, kisha kikavu. Nguruwe atakuwa ameondoka? Atarudi kesho, wewe unamjua.

Gololi lazima ikae juu ya baruti kabisa. Ikikwama njiani ikaacha nafasi, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Chora alama mbili kwenye mdeki: moja mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa umeshapakiwa. Usiku, mbwa wanabweka na kila mtu anapiga kelele, ni rahisi sana kushindilia mara mbili bila kujua. Alama itakuumbua mapema. Sukuma kwa vidole, kidogo kidogo, kiganja kisikae juu ya mdeki.

Fataki huwekwa mwisho, ukiwa umeshageukia shabaha na unajua kila mlinzi mwenzako amesimama wapi. Fataki ikilia na gobore lisilie, usichungulie! Liache limeelekea kule kule angalau dakika moja, moto unaweza kuchelewa.

Kuna wanaopasua risasi za shotigani wachukue baruti yake. Hapana. Ile ni baruti ya aina nyingine, nguvu yake ni kubwa mno kwa mtutu wa gobore hata ukiweka kidogo.

Osha mtutu usiku huo huo kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, upake mafuta. Masizi hayo yananyonya unyevu, na kwa ukungu wa huku juu kutu haichelewi. Baruti iliyobaki isilale jikoni wala stoo moja na petroli ya pampu. Ifungie pakavu, ufunguo ukae kwako.