"Nitapass By Jioni": Kiingereza cha Kutembeleana Obunga

"Mathe, nitapass by jioni." Ujumbe wa namna hiyo ukiingia kwenye simu mtaani Obunga, mjini Kisumu, Kenya, hakuna anayeuliza maana yake. Mtu atakuja. Hakutaja saa wala hakuomba ruhusa. Akitoka kazini atafuata njia yake ya kila siku, kisha atasimama mlangoni apige hodi.

Mwingereza angeelewa vingine kabisa. Kwake, "pass by" ni kupita mahali bila kusimama. Ukimwambia "I passed by your house yesterday", atadhani uliiona nyumba yake ukaendelea na safari, na huenda akabaki akijiuliza umemkasirikia nini. Yeye akimtembelea mtu bila miadi husema "drop in" au "pop in". Mmarekani hupenda "drop by" na "stop by". Hivi ni vitenzi vya maneno mawili ambavyo maana yake haipatikani kwa kujumlisha neno na neno. "Drop" ni kuanguka, lakini anayefanya "drop in" haanguki popote.

Maana ya Kenya inafanana mno na Kiswahili. Pita ikiongezewa kiambishi inakuwa pitia, na hapo safari inapata kituo: "Nitapitia kwako", "Nipitie saa kumi twende pamoja." Kiingereza cha Kenya kimebeba maana iyo hiyo, na mazungumzo ya mtaani yakaunganisha vyote viwili: nitapass by, alipass by, "nilipass by kwako sikukupata". Shina ni la Kiingereza, viambishi ni vya Kiswahili, na msemaji mara nyingi ni mtu aliyelelewa kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo.

Maisha ya Obunga yanaupa msemo huu nguvu. Mtaa huu wa kipato cha chini uko karibu na Kondele, na unajulikana Kisumu nzima kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Wanawake huinunua, huianika juani, kisha huikaanga kwenye karai kubwa na kuiuza kando ya njia. Mteja anayerudi nyumbani kwa miguu husimama, akachagua kipande chenye nyama shingoni, akauliza kama homa ya mtoto imepungua. Akivutiwa kigoda, ananunua huku ameketi, na mazungumzo yanaendelea. Hapo biashara na kutembeleana vimekwenda pamoja, naye hakutoka nje ya njia yake hata hatua moja.

Nyumbani nako ni hivyo. Vyumba vingi hupangana kuuzunguka ua mmoja, mchana mlango ukiwa wazi na pazia likining'inia. Mgeni, ambaye Wajaluo humwita wendo, hukaribishwa chai au chochote kilichopo. Jirani anayeomba miadi ya kuja kusalimia angeshangaza watu.

Wakenya hawako peke yao. Nchini Nigeria, mtu akiiacha njia kidogo ili kumwona ndugu husema ame-"branch" kwake, mithili ya tawi linalochepuka kutoka kwenye shina. Kiingereza kikihamia mahali, hujifunza desturi za wenyeji wake.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Obunga anayeandika "I will pass by your home" hastahili kuchekwa darasani. Anastahili kuelezwa kwamba msomaji wa London ataielewa sentensi hiyo kwa njia nyingine, na kwamba kwenye barua ya kwenda huko "drop in" au "visit" itamfaa zaidi. Walimu, fundisheni maana zote mbili, kila moja na mahali pake. Kwa jirani wa Kondele, "nitapass by" inatosha. Muhimu ni kufika kweli.