Mwezi unaanguka kila sekunde, mbona haujatugonga?

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzani wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu nchini, KSA, lilisema ni kipande cha roketi. Huenda ulijiuliza, kama wengi wetu: ikiwa chuma hicho kilishindwa kukaa huko juu, Mwezi nao unazuiwa na nini usituangukie?

Hakuna kinachouzuia. Unaanguka, hata sasa unaposoma hapa.

Hebu panda juu ya paa la ploti yenu urushe jiwe mbele (mwangalie mama mboga kwanza). Litapinda na kutua barabarani. Lirushe kwa nguvu zaidi, litatua mbali zaidi. Sasa tuseme una mkono wa ajabu, na hakuna hewa wala jengo njiani. Ukilirusha kwa kasi ya kilomita 8 kwa sekunde, yaani Nairobi hadi Mombasa ndani ya dakika moja, litaanguka vilevile, ila Dunia ni mviringo na ardhi nayo inapinda kwa kiasi hicho hicho. Jiwe litaanguka na lisifike chini. Isaac Newton alieleza haya zaidi ya miaka 300 iliyopita, yeye akitumia mfano wa mzinga juu ya mlima.

Mwezi uko umbali wa takriban kilomita 384,400, ambako mvutano wa Dunia ni hafifu. Kasi ya kilomita 1 kwa sekunde inautosha. Kila sekunde unakwenda upande kilomita hiyo moja, huku ukivutwa kuja kwetu milimita 1.4 tu, karibu unene wa kadi mbili za benki. Baada ya siku 27.3 umemaliza mzunguko.

Nani anausukuma? Hakuna. Dereva wa matatu akikanyaga breki ghafla, mwili wako hutaka kuendelea mbele, sivyo? Kitu kikishashika mwendo huendelea hadi kizuiwe, na huko hakuna hewa ya kuuzuia Mwezi. Vyuma vinavyopita karibu na Dunia havina bahati hiyo. Hugusa hewa nyembamba, hupoteza kasi kidogo kidogo, mwishowe vinashuka. Mwezi ungesimama ghafla, ungetufikia baada ya siku 5 hivi. Mvutano nao ukikatika, ungeenda zake moja kwa moja. Kwa hivyo anayekuambia huko juu hakuna mvutano, anakuchezea.

Tena Mwezi unatutoroka, sentimita 3.8 kila mwaka. Hupimwa kwa miale ya leza inayomulikwa kwenye vioo ambavyo wanaanga wa Apollo walianza kuviacha huko mwaka wa 1969. Chanzo ni bahari. Mwezi huvuta maji yakajaa, lakini Dunia hujizungusha haraka na kuyabeba mbele yake kidogo. Maji hayo nayo huuvuta Mwezi mbele, ukazidi kupanda. Ukiwa Mombasa uone maji yamejaa hadi ukutani, ndiyo hayo.