Wazimu, Mizimu na Njaa ya Mama Mjamzito

Neno 'wazimu' lina shina moja na 'mzimu' na 'kuzimu'. Lugha imetuhifadhia humo fikra ya kale kwamba anayerukwa na akili amevamiwa na pepo. Naye asiyesadiki pepo aghalabu humgeukia mama mzazi, akijikinga kwa methali isemayo kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yafaa walimu na wanafunzi wajue kwamba chanzo kimojawapo chaweza kutangulia malezi yenyewe.

Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia Uholanzi yalizuia shehena za chakula kufika miji ya magharibi. Posho ya mtu mzima ilishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Kwa kuwa mwanzo na mwisho wa njaa hiyo ulijulikana, na nchi ilikuwa na kumbukumbu kamili za wagonjwa wa akili, watafiti waliweza kuchunguza hali ya waliozaliwa wakati huo hadi utu uzima wao. Mwaka 1996 Ezra Susser na wenzake walieleza kuwa waliotungwa mimba njaa ilipopamba moto walipatwa na skizofrenia maradufu ya wengine. Hayo ni maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushikilia imani zisizo na msingi.

Mwaka 2005 uchunguzi wa eneo la Wuhu, nchini Uchina, ulithibitisha jambo hilo. Miongoni mwa waliozaliwa huko 1959 waliougua walikuwa asilimia 0.84, miongoni mwa waliozaliwa 1960, njaa ilipokuwa kali, walikuwa asilimia 2.15.

Hata hivyo, takwimu hizi zisitutie hofu isiyo na sababu. Takriban watu 98 katika kila 100 wa mwaka huo wa 1960 hawakuugua. Urithi nao una sehemu kubwa katika maradhi haya, na njaa ni sababu moja tu miongoni mwa nyingi.

Je, nani basi alaumiwe? Mama wa Amsterdam hakujinyima chakula, alinyimwa. Ukweli huu usigeuzwe kuwa fimbo mpya ya kuwachapia wanawake. Mlo wa mjamzito ni jukumu la mume, jamii na serikali, hususan wakati wa vita na ukame. Nasi walimu tuanze kwa ulimi: tumwite mgonjwa kuwa mgonjwa, na mama yake tumpe pole badala ya lawama.