Chitali na Pembe Zake

Aliyezoea wanyama wa Afrika Mashariki amwonapo chitali wa India na Sri Lanka huweza kumdhania kulungu. Kimo cha dume ni sentimita 90 hivi begani, na uzito kilo 70 hadi 90. Jike ni mdogo zaidi. Madoa meupe juu ya manyoya ya kahawia hayamtoki hata uzeeni.

Pembe ndizo zinazomtenga. Ya kulungu ni ganda gumu juu ya mfupa, nayo hudumu maisha yote. Ya chitali ni mfupa mtupu wenye panda tatu, huweza kukaribia mita moja, kisha huanguka na kuota upya. Inapokua hufunikwa na ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu. Ikijeruhiwa wakati huo huota kombo, na dume huingia katika mapigano ya kugombea majike akiwa na silaha mbovu.